Mpeni Stakabadhi Aisome

Wanangu wa chama chetu cha msingi, na ndugu wa vyama vingine mtakaosomewa waraka huu,

Jumamosi iliyopita, pale darasani tulipokutana kuchagua bodi, nilinyoosha mkono nikapewa dakika mbili. Kifua kilinibana, sauti haikutoka, nikakaa. Yale niliyotaka kuyasema nimelala nayo siku nne. Leo nimemwomba mjukuu anisogezee taa, nayaandika.

Mlimsimamisha binti mmoja wa kitongoji cha bondeni, aliyejaza fomu ya kuomba ujumbe wa bodi. Swali la kwanza mlilomuuliza: "Una miaka mingapi?" Akajibu thelathini na mmoja. Mzee mwenzangu akaguna kwa sauti. Swali la pili: "Mumeo ameridhia?" Akasema ameachika, anaishi na mama yake. Minong'ono ikapita kwenye madawati. Swali la tatu lilitoka nyuma, kwa vijana: "Umeishia darasa la ngapi?" La saba. Kuna aliyecheka. Binti akasema ahsanteni, akarudi kukaa, akawa anaikunja ile fomu yake mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

Baada yake akasimama mzee wa rika langu. Hakuulizwa kitu. "Huyu tunamjua." Kisha akasimama kijana mwenye shahada, na kabla hajafungua mdomo mkampigia makofi. Jua likachwa, akidi ikapungua, kikao kikaahirishwa hadi Jumamosi ijayo. Mimi naona kuahirishwa huko ni rehema.

Nawauliza kwa upole, wanangu. Ni nani kati yenu aliyemuuliza yule binti habari za sulfa ya mwaka jana, ile dawa ya mikorosho? Kitongoji chake ndicho pekee ambacho mifuko iligawiwa bila ugomvi. Aliandika majina kwenye daftari la shule, kila mtu akaweka dole gumba mbele ya jina lake. Mfuko wa marehemu mmoja na mfuko wa mtu aliyehamia Tunduru akaurudisha kila mmoja ghalani, na hakuondoka mpaka akapewa karatasi ya kupokelewa. Karatasi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nimekagua vitabu vya vyama vya ushirika huku kusini kwa zaidi ya miaka thelathini, na mara nilizoona mtu akirudisha mfuko ambao hakuna aliyekuwa akiutafuta ni za kuhesabu.

Umri, jinsia, elimu. Newala, Tandahimba, Nachingwea, kila nilikokwenda nimekuta watu wakiwapima viongozi kwa hayo matatu, na kipimo chenyewe hugeuka kwa kumtazama anayepimwa. Kijana huambiwa bado mdogo. Mzee asiyetakiwa huambiwa amechoka. Mwanamke aliyesoma anajisikia, asiyesoma hajui kitu. Sisemi mambo haya hayana uzito. Yana uzito, nami nitawaonyesha nilipouona. Ninalowasihi ni kwamba mtazame kila moja linamfanyia nini mtu akishakalia kiti, na linawafanyia nini ninyi mliomkalisha.

Nianze na sisi wenye mvi. Tumelelewa na methali kwamba penye wazee haliharibiki neno, nami nimeona maneno yakiharibika wazee tumejaa tele. Nilikuwa nakagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Mwenyekiti wake alikuwa mtu wa kuheshimika kweli, haji, msuluhishi wa ndoa za watu, hajawahi kuchukua cha mtu. Msimu wa korosho alikuwa wa kwanza kufika ghalani. Anawekewa kiti cha plastiki chini ya mwembe, hatua kumi kutoka kwenye mizani, anasalimiana na kila anayeshusha magunia. Mizani iko kwa karani. Mkulima amefika alfajiri na baiskeli, mgongo unamuuma. Karani anasoma kilo ameipa foleni kisogo, anaandika, anachana karatasi, anampa. Mkulima haangalii mshale wa mizani kwa sababu mwenyekiti yupo pale pale, na mwenyekiti ni mcha Mungu. Mwenyekiti naye haangalii, kwa sababu karani amesoma.

Nilipopitia vitabu nikakuta kila gunia limepungua. Upungufu huo ulikuwa umeandikwa kwa jina la unyaufu. Wanangu, unyaufu upo. Korosho ghafi ikikaa ghalani hupoteza maji, uzito ukashuka kidogo, na kila mwenye ghala analijua hilo. Lakini unyaufu ule ulikuwa umekatwa siku ile ile ya kupima, korosho hazijalala ghalani hata usiku mmoja. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi ya mwenyekiti, nzuri, iliyoandikwa taratibu kwa herufi za kuunganisha. Nilipomwonyesha alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaniambia kwamba msimu mzima aliona haya kumuuliza mtoto wa rika la mjukuu wake ile tarakimu ya pembeni maana yake nini.

Hapo ndipo umri unapomwangusha kiongozi. Watu huyataja macho na masikio, nayo kweli huchoka, ila miwani inauzwa. Kigumu ni mzee kusema mbele ya vijana, "Hapa sijaelewa, nirudie." Nanyi mnapotuheshimu kwa kutotuuliza chochote, mnatufungia ndani ya haya hiyo na kutupa ufunguo.

Lakini mwenyekiti yule yule alifanya jambo ambalo sijaona kijana akilifanya. Mwaka 2013, wakulima wa Liwale walipochoma nyumba kwa hasira ya malipo ya pili ya korosho kuwa madogo kuliko walivyotarajia, joto lilifika mpaka vijiji vya mbali. Vijana wakaizunguka ofisi ya chama chake. Meneja akajifungia. Mzee akatoka na kanzu yake, akaketi mchangani katikati yao, akawaambia kwamba hata yeye hajalipwa na hatainuka mpaka wamalize kusema. Walisema mpaka magharibi. Hakuna kiberiti kilichowashwa. Wale vijana hawakumsikiliza kwa sababu ya hoja, maana hoja hakuwa nayo. Walimsikiliza kwa sababu nusu yao aliwasomea dua siku waliyozaliwa.

Na kuna kitu kingine ambacho mzee hukibeba, mara nyingi bila kujua: anakumbuka mahali palipowahi kuvunjika. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Mimi nilikuwa kijana wa ukarani, niliyaona magunia yakipungua mwaka hadi mwaka mpaka ghala likawa la popo. Mnaambiwa ni ugonjwa, ule ubwiri unga, na ni kweli ugonjwa ulikuwepo. Lakini watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji, mikorosho yao imebaki mahameni, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu. Nani atakwenda kufyeka chini ya mti ulio mbali hivyo, kwa bei ile? Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mkulima akabaki kushughulika na mamlaka iliyokaa mjini. Waliokuwa kwenye ofisi za mamlaka hiyo hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wamesoma kuliko mtu yeyote wa kijijini kwangu. Sikumbuki hata mmoja aliyekuja kumuuliza mwenye mikorosho anaifikiaje.

Basi elimu ni bure? Hasha. Mikorosho ilirudi kuzaa kwa sababu watafiti wa Naliendele walikaa miaka mingi wakijaribu sulfa na kuchagua miche iliyo bora. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Dua peke yake isingetufikisha huko, wala uzoefu wa babu zetu, kwa kuwa babu zetu hawakuwahi kuuona ugonjwa ule. Mtu akiwaambia kwamba chama hakihitaji waliosoma, mwombeni awaonyeshe daftari lake kwanza.

Nilimjua meneja mmoja kijana, mwenye shahada yake, aliyeajiriwa na chama kingine ambacho nacho sitakitaja. Alikesha akiingiza orodha ya wanachama kwenye kompyuta, na kompyuta ikamwonyesha jambo ambalo sisi makarani wa kalamu tulipishana nalo miaka yote: marehemu walikuwa wakiuza korosho. Watu waliozikwa zamani walikuwa na kilo zao kila msimu, na kuna waliokuwa wakizipokea fedha hizo. Kijana alikuwa na haki kwa kila mstari. Akaenda mkutano mkuu, akatundika shuka jeupe ukutani, akawaonyesha watu majedwali saa nzima, nusu ya maneno kwa Kiingereza. Kwenye jedwali la nne lilitokea jina la mzee mmoja aliyekufa mwaka uliotangulia. Mwanawe alikuwa amekaa safu ya mbele. Akasimama, akatoka. Wakatoka na wengine. Mtaani ikaenea kwamba meneja anataka kufuta majina ya wazazi wa watu ili wajukuu wakose mikorosho. Wale waliokuwa wakila fedha za wafu hawakuhitaji hata kujitetea. Mwezi haukuisha, kijana akaachishwa kazi.

Kitu gani kingemgharimu kwenda kitongoji kwa kitongoji, akaketi na balozi wa nyumba kumi, na imamu, na katekista, akauliza kwa sauti ya chini, "Poleni, baba huyu alitutoka lini?" Siku kumi, pengine kumi na tano. Angekuja mkutanoni na wana wa marehemu wamesimama upande wake. Hilo hawakumfundisha chuoni, na sisi tuliokuwa tunalijua hatukumwambia. Mimi nilikuwepo pale siku mbili kabla ya mkutano. Nilimwona akiandaa. Nilijua atakwama wapi. Sikufungua mdomo, kwa sababu aliponipokea hakuniamkia, alinipa mkono tu akarudi kwenye mashine yake. Nilimwadhibu kijana kwa shikamoo moja, na chama kikalipa. Wazee wenzangu, haya nayaandika yasomwe kwa sauti, ili kila mmoja wetu ajiulize ni vijana wangapi amewaacha waanguke ili wapate adabu.

Wazee wa Dar es Salaam walitufundisha vingine. Mwalimu Nyerere alichaguliwa rais wa TANU Julai 1954, ana miaka 32. Leo kuna kati yenu ambao mngemwambia asubiri zamu yake. Wazee wale waliunda Baraza la Wazee, wakakaa nyuma yake, wakamfungulia nyumba za watu ambao mwalimu wa shule kutoka Butiama hakuwa na njia ya kuwafikia. Miaka kumi baadaye Salim Ahmed Salim akapelekwa Misri kuwa balozi, ana miaka 22. Ujana wa hao wawili haukuwa kikwazo kwa kuwa haukuachwa peke yake.

Na kwa habari ya elimu isiyo na cheti, mkumbukeni Bibi Titi Mohamed. Alipotakiwa mwaka 1955 awaongoze wanawake wa TANU, shule aliyokuwa nayo ilikuwa ya msingi tu. Watu huisifu sauti yake. Mimi nawaomba mtazame njia aliyoipita. Alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba, anawajua akina mama walioongoza vikundi vya ngoma mjini, na akaanzia kwao. Alikwenda kwa wale ambao tayari wanafuatwa, nao wakaja na watu wao. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Huo ni ujuzi, uliopatikana kwa miaka ya kukaa na watu kwenye harusi na misiba. Na Mwalimu, mwenye shahada yake ya Edinburgh, hakuona haya kupanda naye jukwaa moja nchi nzima, kwa kuwa mama yule alijua jambo ambalo Edinburgh halifundishwi.

Sasa niseme linaloniuma zaidi.

Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo tumeupokea kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake. Wamakua wana apwiyamwene, mama wa ukoo, ambaye mwenye, yaani mkuu wa ukoo, hakati shauri zito bila kumsikiliza. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mwanamke kusikilizwa ni jambo lililoletwa na semina, mwambieni akamuulize bibi yake. Kilichogeuza mambo, kwa nilivyoona mimi, ni mti. Mtama unaupanda, unauvuna, shamba linarudi kwa ukoo. Mkorosho unasimama miaka hamsini. Mwanamume aliyeupanda akasema ni wangu, jina lake likaandikwa kwenye kitabu cha chama, na ushirika ukawa wa wanaume kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Mwanamke akabaki na kuokota. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba yuko chini ya mti, mgongo umepinda, anatenganisha korosho na bibo, anaanika, anachambua daraja la kwanza na la pili. Gunia likijaa, jina linaloandikwa ni la baba watoto.

Nilikuwa katibu wa chama siku za nyuma. Mjane mmoja akaja kuomba uanachama kwa mikorosho aliyoachiwa na marehemu. Nikamwambia alete barua ya shemeji yake. Hakuna sheria iliyonidai barua hiyo. Niliidai kwa sababu ndivyo tulivyozoea, na kwa sababu shemeji alikuwa rafiki yangu. Barua haikuja. Msimu ule mjane aliuza kwa kangomba, yaani kwa magendo, bakuli kwa bakuli, bei ya kutupwa, korosho zingali mtini. Watoto wake wawili waliacha shule. Mmoja wao ni mtu mzima sasa, tunapishana sokoni, hunisalimu kwa adabu, nami kila mara nashindwa kumtazama usoni.

Miaka mingi baadaye nilimkuta yule mama kwenye kikundi cha VICOBA, ni mwenyekiti. Nilialikwa kama mgeni. Sanduku la bati lenye kufuli tatu liko katikati ya mkeka, funguo ziko kwa wanawake watatu wanaoishi mbalimbali. Kabla halijafunguliwa akauliza, "Mara ya mwisho tuliliacha na shilingi ngapi?" Wote wakajibu pamoja, kiasi kile kile, kama watoto wanaosoma jedwali la kuzidisha. Wengi wao hawajui kusoma. Kufuli zikafunguliwa, fedha zikahesabiwa mkekani, zikalingana. Aliyechelewesha rejesho akasimama akaeleza: mtoto alilazwa. Mwenyekiti hakumkaripia wala hakumsamehe. Aliwageukia wenzake, "Mnasemaje?" Wakasema, wakakubaliana wiki mbili, likapita. Saa moja na nusu kikao kimekwisha, na kila aliyetoka pale alijua sanduku limebaki na kiasi gani. Baadaye nilisoma kwamba mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi, ambao nao waliweka hesabu kichwani kwa kuwa kalamu haikuwa yao.

Nilikaa pembeni mwa mkeka nikavikumbuka vyama nilivyovikagua, vyenye makabati ya chuma na mihuri miwili, ambavyo mwanachama wa kawaida hakuweza kuniambia benki kuna shilingi ngapi. Nilimwomba radhi yule mama. Akanimiminia chai. Juu ya barua hakusema lolote, na hata leo sijui kama alinisamehe.

Msinisikie vibaya. Sisemi kwamba mwanamke haibi. Nimekagua wanawake walioiba, na waliiba kwa njia zile zile za wanaume: karatasi moja badala ya mbili, mtu mmoja kushika funguo zote. Kikundi kile kilikuwa salama kwa sababu hesabu yao inasemwa kwa sauti na kila mtu. Analoleta mwanamke kwenye bodi ni jingine. Analeta yale anayoyajua kwa kuyafanya. Kule India walibadili katiba yao, na tangu mwaka 1993 theluthi ya viti vya uenyekiti wa mabaraza ya vijiji ikatengewa wanawake. Watafiti waliokwenda Bengali Magharibi wakakuta kwamba mabaraza yenye mwenyekiti mwanamke yaliwekeza zaidi kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa wanawake ndio walioyalalamikia maji. Na vijiji vilivyopitia awamu mbili za namna hiyo, wapiga kura wake wakawa wepesi zaidi kumchagua mwanamke hata pasipo kutengewa kiti. Walikuwa wamekwisha kumwona kazini. Kwetu sisi msimu uliopita magunia ya kuwekea korosho yalichelewa majuma matatu, bodi ya wanaume watupu ikaandika kwenye muhtasari kwamba hali si mbaya. Mwanamke yeyote ambaye korosho zilikuwa zimerundikana kwenye baraza yake, mvua za Desemba zinakaribia, asingeacha neno hilo liandikwe.

Nimewachosha, nami nimechoka. Naomba tufanye jambo moja Jumamosi ijayo, nalo halihitaji fedha.

Chukueni stakabadhi moja ya msimu uliopita pamoja na karatasi yake ya malipo, ile yenye makato yote: ushuru wa halmashauri, usafirishaji, ghala, cha chama kikuu, cha chama cha msingi. Kila mgombea aitwe peke yake, wengine wasubiri nje. Akae mbele yetu na bibi mmoja mwanachama asiyejua kusoma, amweleze fedha yake ilikuwa kiasi gani, ikapungua wapi, ikabaki ngapi, kwa lugha ya bibi huyo. Bibi aruhusiwe kumkatiza apendavyo. Asiharakishwe.

Msimhesabie mgombea makosa ya hesabu peke yake. Mtazameni akifika kwenye mstari asioujua. Kuna atakayepandisha sauti. Kuna atakayekimbilia maneno ya ofisini. Kuna atakayeruka mstari akitumaini bibi hajaona, na huyo, wanangu, awe ana mvi au shahada au khanga, ataruka mistari yenu yote kwa muda wote mtakaomwachia kiti. Na pengine yuko atakayesema, "Bibi, hapa sijui, ngoja nimuulize karani," akainuka kweli akaenda kuuliza. Kisha kila mmoja aulizwe: kitu cha mwisho cha watu ulichokabidhiwa ni kipi, na karatasi ya kukirudisha iko wapi?

Yeyote atakayeshinda, kazi yake ya kwanza iwe kuigeuza mizani itazame foleni, na karani asome kilo kwa sauti. Mzee akishindwa, msimwache aende nyumbani na fedheha; wekeni benchi la washauri, akae hapo, na vijana wapite kwake kabla ya mkutano na wala si baada ya mambo kuharibika. Kijana wa shahada, ukishinda au ukishindwa, njoo kwangu jioni yoyote. Nitakuonyesha vitabu vya zamani na majina ya watu wa kuwaendea kwanza. Hata usiponiamkia, nitakuonyesha. Na wewe binti wa bondeni, fomu uliyoikunja bado ni halali. Nimemuuliza katibu. Ikunjue, uje na lile daftari la sulfa.

Bibi wa kukaa mbele nimekwisha kumpata, mjane wa kitongoji cha juu. Stakabadhi yake ameifunga kwenye ncha ya khanga tangu Desemba, anasema hakuna aliyewahi kumweleza ile mistari ya katikati. Mwekeeni kiti karibu na dirisha, maana macho yake hayaoni vizuri kwenye kiza na anapenda kuuona uso wa anayesema naye.